Kama Valeria Kasema

Siku mbio za magari zilipofika Kasulu kwa mara ya kwanza, soko lilijifunga lenyewe. Wauza dagaa walifunika ndoo zao, wauza vitenge wakakunja mali, na Crispin, fundi cherehani wa kona ya stendi, akaona hana sababu ya kuendelea kushona suruali za watu ambao wote wako barabarani. Akafunga duka, akabeba kigoda anachokalia mbele ya mashine, akaenda kutazama kitu asichokijua hata kidogo. Kwake yeye magari yalikuwa ya aina mbili tu: yanayosimama ukiyapungia mkono, na yasiyosimama.

Uwanjani watu walifurika. Palikuwa na jukwaa la mbao lililovishwa vitambaa, spika zinazokoroma, wakubwa chini ya turubai, na vumbi jekundu lililokwisha kuwapaka poda wote, wakubwa kwa wadogo. Magari yalipanda jukwaani moja moja, yakapungiwa bendera, yakaondoka yakinguruma. Crispin alipanda juu ya kigoda chake. Kabla hajatulia, sauti ikamjia kutoka chini.

"Kaka, samahani. Hicho kigoda kinabeba watu wangapi?"

Macho ya fundi yana ugonjwa wake. Yaliona pindo la gauni kabla ya kuona sura ya mwenye gauni: kitenge cha manjano chenye maua ya buluu, kiuno kimebana vizuri, lakini pindo limekwenda upande. Halafu yakapanda juu, yakaona mashavu yenye vumbi na meno meupe yanayocheka, na habari za pindo zikaisha.

"Kinabeba mmoja na nusu," Crispin akasema.

"Basi mimi ndiye mmoja. Wewe ndiye nusu."

Akashuka, afanyeje. Yule dada akapanda, akaweka mkono begani kwa Crispin ajizuie asianguke, wala hakuomba ruhusa. Asubuhi ile Crispin hakuona gari hata moja. Aliona migongo ya watu, na kila mara yule dada alimuuliza jambo kutoka huko juu. Lile la buluu ni la wapi? La Wabelgiji, Crispin akajibu. Na lile linalotoa moshi mbele? Hilo injini yake inapozwa kwa barafu. Dada akainama, akamtazama usoni.

"Kaka, kila ukinijibu unajikuna sikio. Unanidanganya, au una ugonjwa wa sikio?"

Ilibidi akiri kwamba amekuja kwa sababu soko limefungwa. Dada akacheka mpaka kigoda kikatikisika. Naye akakiri kwamba ametumwa na baba yake, dereva mstaafu wa malori, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua na alitaka kusimuliwa kila kitu. Aliitwa Valeria, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibondo, yuko likizo nyumbani kwao Murubona.

"Njoo dukani nikurekebishie pindo," Crispin akamwambia walipokuwa wakiagana. "Limeshonwa na mtu mwenye hasira."

"Nimelishona mimi."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na tangu siku ile Valeria hakumwita tena kaka, wala fundi, wala Crispin. Alimwita Nusu.

Likizo ilipokwisha, penzi likahamia kwenye simu. Jioni, Crispin akishafunika mashine, simu ilikuwa inalia, na watu wa vibaraza vya jirani wakawa wanajua kwa uso wake nani amepiga. Valeria alimsimulia wanafunzi wake, na Loyce, mwalimu mwenzake aliyepangiwa kazi kutoka Singida, ambaye kila kukinyesha alililia jua la kwao. Crispin alimsimulia wateja wanaonenepa na kudai kwamba nguo ndiyo imepungua. "Umekula, Nusu?" "Nimekula." "Shika sikio kwanza, ndiyo uniambie." Alikuwa hajala. Mwanamke huyu aliliona sikio lile hata asipoliona.

Jumapili moja moja Crispin alipanda basi kwenda Kibondo. Katika safari mojawapo alimkuta Valeria barabarani na darasa zima, wanafunzi wamepangwa mstari na vibendera vya karatasi, kwa sababu kiongozi mmoja mkubwa alikuwa anapita. Ving'ora vikalia, magari meusi yakapita kwa kasi, kisha kimya, na mtoto mmoja akatia mguu barabarani. Valeria akamrudisha kwa jicho tu.

"Tunavuka lini?" akawauliza wanafunzi.

"Ambulensi ikipita!" darasa likaitikia kwa pamoja.

Na kweli, ambulensi ikapita mwisho wa msafara, polisi akashusha mkono, baiskeli na mbuzi wakarudi barabarani. Katika nyanda zile, kuanzia Nyabibuye mpaka Muyama, kila mtu alikuwa anaijua sheria hiyo. Msafara wa wakubwa hufungwa na ambulensi, ikishapita ndiyo unavuka. Valeria alikuwa amewafundisha watoto wa watu jambo hilo tangu aanze kazi, na halikuwa limemkosea hata mara moja.

Aliyebaki kushawishiwa alikuwa Mzee Bazilio, baba yake Valeria. Mkewe alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni, na mzee hakuoa tena; alimlea mtoto katika kabini ya lori na kwa majirani, akamsuka nywele kwa mikono yake yenye grisi, akamsomesha. Valeria alikuwa ndiyo macho yake. Akisema mvua itanyesha, mzee aliingiza mihogo ndani bila kutazama mawingu. Sasa mtu kama huyo humwambii kirahisi kwamba unaoa mboni yake kwa cherehani.

"Fundi anakaa mchana kutwa," mzee alimwambia Crispin siku ya kwanza kujitambulisha. "Mwanamume anayekaa mchana kutwa mimi simwelewi."

"Shikamoo tena, mzee. Na dereva je, huwa anaendesha amesimama?"

Mzee alimkazia macho. Kisha akacheka, akaomba aletewe chai ya pili, lakini neno lake hakulitoa. Akasema mchumba si soda, huwezi kumjua kwa kumfungua tu, ngoja kwanza amzoee.

Mwaka ukazunguka, mbio zikatangazwa tena, na safari hii njia ya magari ilipita Murubona, ikaelekea Heru Juu kwenye barabara ya vumbi yenye kona nyingi. Crispin akaona Mungu amempa njia. Akamwomba mzee waende pamoja Heru Juu kwenye ile kona kali, mahali ambapo magari huteleza kwa ubavu. Valeria angebaki nyumbani apike. Asubuhi mzee alivaa koti lake la kaki na kofia ya kampuni aliyostaafia, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Binti, pika vizuri," akamwambia. "Leo nikirudi nitasema neno langu."

Crispin alisikia kutoka uani. Moyo wake uliruka kama wa mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo.

Walipanda bodaboda, kigoda kikiwa mapajani kwa Crispin. Kule kwenye kona watu walikuwa wamejaa ukingoni, upande wa juu wa barabara. Bodaboda zote zilikuwa zimeegeshwa upande wa pili, chini ya mikaratusi. Akina mama waliotoka shambani walimsalimu mzee kwa kupiga makofi taratibu, "Mwidiwe," naye akawaitikia kwa heshima, kisha akakaa kwenye kigoda kama chifu. Tangu hapo hakunyamaza. Alimweleza Crispin gia zinavyopangwa, namna ya kuisikiliza injini kabla ya kona, kosa la vijana la kukanyaga breki katikati. Crispin hakuelewa hata robo, ila aliitikia yote, na hakujikuna sikio kwa sababu furaha yake haikuwa ya uongo.

Gari jekundu lilikuja likiimba. Likaingia kona kwa ubavu, likamwaga mchanga, likanyooka, likapotea. Mzee alikuwa amesimama, amesahau mguu wake, anapiga makofi.

"Umeona yule? Hakugusa breki. Gia tu. Nipe maji, mkwe."

Mkwe. Crispin alimpa chupa kwa haraka, maji yakamwagikia koti la kaki. Mzee alijifanya hajaona.

Magari yakaendelea kupita mpaka yakakatika. Vumbi likaanza kutua. Kisha ambulensi ikaja taratibu na taa zake, ikapita kona, ikaenda zake. Watu wakaanza kujinyoosha na kukung'uta nguo, wengine wakateremka ukingo kuelekea kwenye bodaboda. Kumbe magari yalikuwa yamegawanywa katika makundi mawili, na ambulensi ilikuwa inasogezwa tu mbele kabla ya kundi la pili kuachiwa. Lakini nani angejua? Waandaaji walijua, wakadhani kila mtu anajua. Watu wa Heru Juu walikuwa wanajua msafara.

Mzee Bazilio peke yake hakuinuka. Akanyoosha kidole kwa kijana wa waandaaji mwenye bendera, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya kona.

"Bado. Yule hajakunja bendera yake."

Crispin akasema sawa, akakaa chini kando yake. Simu ikalia.

"Nusu, bado mko huko? Ambulensi imeshapita hapa nyumbani, wamekwisha. Mvushe baba mje, kuku anapoa."

"Haya Mwalimu, tunakuja."

Akaiweka simu mfukoni. "Mzee, Valeria amepiga. Anasema wamekwisha."

Mzee akamtazama kijana wa bendera mara nyingine, kisha akatabasamu na kushika goti ili ainuke.

"Basi, kama Valeria kasema, twende. Huyo hakosei."

Akateremka ukingo polepole, akakanyaga barabara. Crispin aligeuka nyuma kuchukua kigoda. Aliposikia filimbi ya kijana wa bendera na mngurumo wa gari, mkono wake ulikuwa bado kwenye mguu wa kigoda.

Nyumbani, Valeria alikuwa ameshika mwiko. Alisikia magari yakipita tena kwa kishindo, moja, jingine, jingine. Akatoka nje mbio na mwiko wake, akatazama lile vumbi, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Mzee Bazilio alifariki njiani kwenda hospitali.

Msibani, desturi ya pale inataka mtu aliyekuwa na marehemu mwisho asimame awaeleze wafiwa ilivyokuwa, kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Kipriani, mdogo wake marehemu, aliuliza kwa sauti ya mtu aliyelia usiku kucha: watu wote wanasema Bazilio alikuwa amekaa, alikuwa anakataa kuinuka, sasa nani alimwambia avuke?

Valeria alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, kanga imefunika kichwa. Crispin alimwona akiinua uso. Aliona midomo ile ikifunguka, na macho yakimtafuta yeye, si kwa kumlaumu bali kwa woga, woga wa mtu anayesubiri kuambiwa jina lake. Hakufikiri. Kama angefikiri pengine angesema vingine.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Uani pakazuka kilio. Kipriani hakumtukana, alisema tu kwamba nyumba ile haitamwoza binti kwa mtu aliyemvusha baba yake kwenda kufa, na kwamba asubiri udongo upate kutulia kisha asionekane tena pale. Jioni, makaburini, Crispin alisogea kwa Valeria. Valeria hakumtazama.

"Usinipigie tena," akamwambia. "Nakuomba. Nikisikia sauti yako namwona baba."

Mwenye msiba hutafuta pa kuegemeza kichwa, na Valeria alikuwa ameegemeza chake kwenye neno lile, mimi. Alikuwa anajua kwamba alipiga simu. Asichokijua ni kama simu ile ndiyo iliyomwinua baba yake, au ilikuta wameshainuka. Crispin alikuwa amesema ni yeye, na kwa kumchukia Crispin aliweza kulala. Alirudi Kibondo, akafuta namba yake, namba ambayo hata hivyo alikuwa ameishika kichwani.

Crispin alipiga simu siku za mwanzo, ikaita bila kupokewa, akaacha. Aliendelea kushona. Wateja walisema kazi yake imekuwa nzuri kuliko zamani, maana mtu asiye na maneno hana pa kupeleka mikono. Mtu mmoja tu aliipata siri yake, naye ni Louise, mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akija Kasulu mara chache, akipata kibali, kuuza vitenge. Louise alimkuta siku moja amekishika kile kigoda mkononi bila kukikalia, akamuuliza mpaka akasema yote.

"Sasa Crispin, unapenda ule mwanamke ao unapenda kuteseka? Enda umuambie kweli."

"Akijua je? Akijua kwamba mzee alikuwa amekataa, na alichomwinua ni neno lake?"

Louise alikunja kitenge taratibu, akakikunjua, akakikunja tena.

"Siku tulikimbia," akasema, "mama alikuwa muzee, hakuweza kutembea mbio. Mie ndiye nilisema abakie, tutarudi kumuchukua kesho. Hakuna kesho ilikuwa. Mie najua ni mie. Kila siku niko najua. Kama kungekuwa mutu moja angenidanganya, angesema mama alijichagulia mwenyewe kubakia, huyo mutu ningemuambia merci, aksanti, mpaka nikufe."

Crispin alirudi kwenye mashine yake. Lakini maneno yale yalikaa.

Mwaka ukafika mwisho, na gari la matangazo likapita Kibondo. Mbio za safari hii zingeanzia Kasulu, zingepitia tena Heru Juu na kuishia Kibondo. Valeria alikuwa darasani, chaki mkononi, spika ilipopita karibu na uzio wa shule. Ndugu wananchi, sauti ikasema, mwaka jana tulimpoteza mzee wetu. Mkiona ambulensi imepita msivuke, narudia, msivuke, ambulensi siyo mwisho. Watoto wakacheka, kwa sababu mwalimu wao aliwafundisha tofauti. Mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe si ulisema?"

Loyce ndiye aliyemkuta amekaa chini, nyuma ya ubao. Alimshika mikono, akamwambia pumua kwanza. Valeria akamweleza ile simu aliyopiga, simu ambayo kwa mwaka mzima hakuwa amemtajia mtu.

"Nenda ukamwulize," Loyce akasema. "Mwenzangu, umekonda mpaka unatisha. Utakaa na swali hili mpaka lini?"

Alikwenda Jumamosi. Alivaa lile gauni la manjano, wala haieleweki kwa nini, huenda hata yeye hakujua. Crispin alikuwa amekaa mbele ya mashine, anapiga mkasi kitambaa cha sare. Aliinua kichwa akaona pindo lililokwenda upande, lilelile. Valeria alikuwa amekataa kurekebishiwa tangu siku ya kwanza, akidai kwamba ndilo lililomletea mchumba. Kisha akaona mengine. Gauni lilining'inia. Kiuno kingehitaji kupunguzwa vidole vinne, mabega yametoka, na chini ya macho palikuwa na weusi usiotokana na vumbi.

"Karibu, Mwalimu," akasema. Akamsogezea kigoda.

Valeria alikitambua. Hakukikalia. Alisimama akishika ukingo wa mashine. Nje watu walikuwa wanabishana bei ya nyanya.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," akasema hatimaye. "Sikuja kugombana. Ile simu niliyopiga. Ndiyo iliyomwinua baba?"

Crispin akafungua mdomo.

"Subiri, bado. Ngoja nikuambie na haya, ili usije ukasema hukujua. Baba mdogo neno lake liko palepale. Aliyemvusha baba hatanioa, na mimi mwenyewe sitaweza, Nusu, sitaweza kuamka kila siku nikakuona. Lakini kama ni mimi, nitakwenda mbele ya ukoo wote niseme. Halafu nitarudi hapa, kama bado unanitaka. Nitaishi nalo, sijui vipi, lakini nitakuwa na wewe." Akaonyesha mashine kwa kidole. "Weka mikono juu ya mashine. Yote miwili. Kisha uniambie."

Basi hapo ndipo alipofikishwa, fundi wa watu. Mke aliyemtaka kuliko kitu chochote alikuwa amesimama mbele yake, na ili ampate alitakiwa aseme kweli tu, sentensi moja. Alikuwa na haki ya kuisema. Hata marehemu asingemlaumu. Alimtazama Valeria, akamwona miaka ijayo, katika nyumba yao, akipika, mwiko ukisimama ghafla hewani. Yeye ameshaubeba mzigo ule mwaka mzima akiwa ameukodi tu, si wake, na ulikuwa umemwinamisha mgongo. Valeria angeubeba ukiwa wake. Akamkumbuka Louise na kitenge alichokuwa akikikunja na kukikunjua.

Akaweka mikono juu ya kitambaa cha sare, vidole vimenyooka.

"Hapana," akasema. "Haikuwa simu yako. Niliiona ambulensi kwa macho yangu, nikamwambia mzee tuvuke. Alikuwa hataki, nikamsihi, nilikuwa na haraka ya kuja kusikia neno lake. Simu yako ilinikuta nimeshamshika mkono tunateremka. Ndiyo maana nilikujibu tunakuja."

Valeria aliitazama mikono. Ilikuwa imetulia. Akalitazama sikio, akaitazama mikono tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mikono haikusogea.

"Na yeye? Mwisho alisema nini?"

"Alikuwa anacheka. Alisema dereva wa lile gari jekundu hakugusa breki. Na aliniita mkwe."

Hapo Valeria alilia. Alilia kwa sauti, amefunika uso kwa kanga, na mabega yake, ambayo Crispin alikuwa ameyaona yakiwa juu karibu na masikio tangu aingie, yalishuka. Alipomaliza alijifuta, akavuta pumzi ndefu. Uso wake ulikuwa umevimba na umepumzika.

"Nilikuwa naogopa nimekuchukia bure," akasema.

"Hukunichukia bure."

"Nimekusamehe, lakini. Ujue hivyo. Kukusamehe nimekusamehe, ni kuishi na wewe ndiko siwezi."

"Najua, Mwalimu."

Alifika mlangoni, akasimama bila kugeuka. Alimwuliza kama atakwenda Heru Juu mbio zikija. Crispin akasema hajui. "Ukienda, waambie watu wasivuke," Valeria akasema. "Hata ambulensi ikipita. Waambie bado. Baki salama, Nusu."

Akaondoka kuelekea stendi, pindo la gauni likimyumba upande mmoja. Crispin hakuinua mikono kwenye kitambaa mpaka alipoona manjano yamepotea kabisa kati ya watu. Ndipo mkono wa kulia ukapanda wenyewe, akajikuna sikio, akajikuna mpaka likauma, machozi yakimdondokea kwenye sare ya mtoto wa watu.

Siku ya mbio alifunga duka, akabeba kigoda, akapanda Heru Juu. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka uliopita. Kuna waliosikia matangazo, na kuna waliokuwa shamba gari la matangazo lilipopita. Magari yakaja, yakateleza, yakapigiwa makofi, yakakatika. Vumbi likatua. Ambulensi ikaja taratibu na taa zake, ikapita kona, ikaenda zake, na watu wakaanza kujinyoosha na kukung'uta nguo.

Crispin akapanda juu ya kigoda, akatandaza mikono yote miwili.

"Bado," akasema kwa sauti. "Jamani, bado. Msivuke."

Wengi walisimama. Mzee mmoja wa Muyama, mwenye fimbo na haraka zake, alikuwa ameshatanguliza mguu mmoja chini ya ukingo. Aliinua uso, akamwangalia kijana huyu juu ya kigoda.

"Ambulensi si hiyo imeshapita? Nani kasema bado?"

"Valeria kasema," Crispin akajibu.

Mzee yule hakumjua Valeria ni nani. Lakini alimtazama Crispin usoni, akaurudisha mguu wake juu, akakaa kwenye majani kusubiri.